Nyumba ya Ibada ni ya Nani?

Nyumba nambari 7 ya mtaa wa Yaroslaviv Val, katikati ya Kyiv, humtatiza mgeni. Lango lake ni la tao, na kuta zake zimesheheni nakshi za kusukana zinazokumbusha misikiti ya Andalusia na Misri. Hata hivyo haikuwa msikiti kamwe. Ni kenesa, nyumba ya ibada ya Wakaraiti, yaani Wayahudi wanaoshika Maandiko peke yake na kuikataa Talmudi; watu ambao, kwa desturi yao ya kale, huvua viatu mlangoni na kusujudu. Gharama za ujenzi zilibebwa na tajiri wa tumbaku, Solomon Kogen, Mkaraiti. Msanifu aliyeichora, Władysław Horodecki, alikuwa Mkatoliki.

Horodecki alizaliwa mwaka 1863 huko Podolia, sehemu ya Ukraine ya leo, katika ukoo wa mabwana wa Kipolandi. Alisomea usanifu St. Petersburg, kisha akaja Kyiv kutafuta riziki. Kenesa ilijengwa kati ya 1898 na 1902. Kabla haijakamilika, alikuwa tayari amekabidhiwa kazi nyingine kubwa: Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolai la Wakatoliki, lililojengwa kuanzia 1899 hadi 1909. Mchoro wa kwanza wa kanisa hilo ulikuwa wa kijana Stanisław Wołowski. Horodecki aliurekebisha na kuusimamisha, ukiwa na minara miwili mirefu iliyochongoka. Udongo wa mahali pale ulikuwa dhaifu, kwa hiyo msingi ulishikiliwa na nguzo za zege zilizozamishwa ardhini. Mapambo ya majengo yote mawili yalifinyangwa kwa saruji na mchongaji yuleyule, Mtaliano Emilio Sala.

Wengi humjua Horodecki kwa nyumba aliyojijengea mwenyewe mtaa wa Bankova, iliyojaa vichwa vya tembo, vifaru na vyura wa saruji. Alikuwa mwindaji hodari, na mwaka 1911 alifunga safari kuja kuwinda Afrika Mashariki. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha tangu 1903, kwa hiyo wanyama wale hawakutoka nyika za huku. Tuiache nyumba hiyo. Zile mbili za ibada ndizo zenye swali gumu.

Swali la kwanza ni jepesi: je, nyumba huwa ya Mungu ikiwa aliyeijenga hasali humo? Historia ilikwisha kulijibu. Suleimani alipojenga hekalu Yerusalemu, aliagiza mafundi na mierezi kutoka kwa mfalme wa Tiro. Wasimulizi wa sira nao wanaeleza kwamba Makureshi walipoijenga upya Kaaba, kabla ya Mtume kupewa utume, walitumia mbao za jahazi la Warumi lililovunjika pwani, na seremala wao hakuwa Mwarabu. Hakuna aliyeona ibada imeharibika kwa sababu hiyo. Fundi huleta ustadi wake. Nia ni ya wenye nyumba.

Swali la pili ndilo zito. Wenye nyumba wakifukuzwa, nyumba inabaki kuwa nini?

Utawala wa Kisovieti uliwafukuza. Kanisa Kuu lilifungwa mwaka 1938, baadaye likawa ghala la nyaraka, kisha ukumbi wa muziki wa kinanda. Kenesa ilipoteza kuba lake, ikatumika kwa sinema na maonyesho ya vikaragosi, na tangu miaka ya 1980 inaitwa Nyumba ya Waigizaji.

Dini zenyewe hazijibu kwa sauti moja. Kanuni ya 1212 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema mahali patakatifu hupoteza wakfu wake pakibomoka kwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa moja kwa moja kuwa pa matumizi ya kawaida, hata kama hakuna amri ya askofu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yana msimamo mkali zaidi: msikiti uliowekwa wakfu hubaki msikiti hata ukiwa gofu, na kiwanja chake hakiuzwi. Upande mmoja hutazama matumizi, upande wa pili hutazama ahadi.

Kwa majengo ya Kyiv, hoja ya ahadi ina uzito zaidi. Matumizi yanaweza kubadilishwa na yeyote mwenye askari na kufuli. Tukikubali kwamba kufuli linatosha kuondoa utakatifu, tumempa mnyang'anyi mamlaka ambayo hata askofu huyatumia kwa uangalifu. Kogen alitoa fedha zake ili watu wasali. Serikali haikuwa mshirika wa ahadi hiyo, basi haiwezi kuitangua.

Wanamuziki nao wana haki yao. Katika miaka ya 1930 monasteri ya Mtakatifu Mikaeli ya kuba za dhahabu, katika mji huohuo, ilibomolewa kwa baruti. Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolai lilinusurika, na ukumbi wa muziki ulilipa kazi iliyolifanya litunzwe. Lakini anayetunza mali ya mtu hawi mwenye mali.

Tangu miaka ya 1990 Wakatoliki wamekuwa wakisali humo huku wakigawana saa na matamasha. Mnamo Septemba 2021 moto uliteketeza kinanda, na Desemba 2024 mlipuko wa shambulio la Urusi ukaharibu madirisha. Parokia ipo, waumini wapo: serikali iwakabidhi jengo, na wao waendelee kuwakaribisha wanamuziki. Kenesa ni kesi tofauti, kwa kuwa Wakaraiti waliobaki Kyiv ni wachache mno. Waigizaji wasitolewe. Ila kuba lirudishwe, na siku Wakaraiti wakitaka kusali, wafunguliwe mlango bila kulipishwa kodi.