Nahodha, Shuka Uitazame Rafadha

Ndugu yangu mwenye boti, wewe unayewatoa watoto Shimoni Jumapili asubuhi kwenda kuogelea Kisite, nisikilize. Boti umeipaka rangi. Turubai jipya, matakia mapya, redio inasikika mpaka Wasini. Mashine umeiongeza nguvu, na kila apitaye gatini unamwonyesha. Lakini kile kitu kinachoisukuma boti, kile kilichojificha chini ya maji, ulikishika lini kwa mkono wako? Usiniambie fundi alikiona. Nakuuliza wewe.

Wapo wanaoiita pangaboi, mafundi wengi husema propela, vitabuni ni rafadha. Iite utakavyo, ila ijue. Kwenye kitovu chake zimegongwa namba mbili, mathalani 11 na 13. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayozama ubaoni. Majini haiufikii umbali huo wote, maana maji huteleza. Hata hivyo namba hiyo ndiyo inayoamua kama mashine yako itafanya kazi au itateswa.

Na mashine zinateswa, jamani! Mtu anataka mbio, anasikia pichi kubwa ndiyo mbio, anafunga 15 mahali pa 12, kisha anapakia watu kumi na sanduku la barafu. Mashine inalemewa kama punda aliyebebeshwa mawe: inaguna, inakula mafuta, inaumia ndani kwa ndani. Mwenzake anafunga pichi ndogo kupita kiasi, nayo inapiga kelele na kuvuka kiwango chake. Wote wawili wanaiua. Fungua kitabu cha mashine yako utafute mizunguko kwa dakika inayotakiwa mafuta yanapofunguliwa yote. Kwa mashine nyingi za leo ni kati ya 5000 na 6000. Pakia mzigo wako wa kawaida, nenda penye kina na nafasi, fungua mafuta yote, soma mita. Ikikwama kwenye 4600, teremsha pichi: kila inchi moja hurudisha mizunguko kama 150 hadi 200, kwa hiyo inchi tatu zitakuingiza kwenye kiwango. Usinunue rafadha kwa kuitazama ya jirani!

Na kubwa si lazima iwe mbio. Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akiijaribu boti yake kwenye mfereji wa London, ikisukumwa na skrubu ndefu ya mbao. Nusu ya skrubu ikavunjika. Boti, badala ya kusimama, ikaongeza mwendo. Kumbe alichokipoteza ndicho kilichokuwa kikimzuia.

Kuhusu madini, msimamo wangu sitauficha. Rafadha ya stenlesi ni nzuri, inakata maji kwa wembamba na haipindi upesi. Lakini huku kwetu, bamvua linapotoa maji zaidi ya mita 3, mwamba uliouvuka asubuhi bila kuuona unakungoja jioni. Stenlesi ikiugonga, kishindo kinapanda kwenye shafti na gia. Aluminiamu inapinda au inakatika yenyewe, na mara nyingi gia inasalimika. Kwa boti ya matembezi inayopita kwenye mafungu na miamba, funga aluminiamu, na ya pili iwe ndani ya boti pamoja na nati, pini na spana yake.

Naandika kwa uchungu. Msimu mmoja wa kusi niliuona mshipi wa nailoni ukining'inia kwenye rafadha yangu. Nikaukata ule ulioonekana, nikaendelea na safari. Uliobaki ulikuwa umejiviringisha kwenye shafti, nyuma ya kitovu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka rafadha itoke. Ukazisaga sili taratibu, maji ya chumvi yakapenya kwenye gia. Gia zilikatika tukiwa na watoto sita, maji yanatoka, yanatuvuta nje ya mkondo wa Wasini, mpaka mashua ya wavuvi ikatufunga kamba. Mtoto mdogo kuliko wote alinishika kidole gumba, hakusema neno hadi tukafika gatini. Nilipofungua skrubu ya chini, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Ningeifungua mwezi mmoja kabla ningeiona!

Watu unaowapakia ni amana, ndugu yangu. Wamepanda kwa sababu wanakuamini. Basi mapengo madogo kwenye mapanga usiyaite madogo, maana yanaitikisa shafti saa zote na kuzila sili. Ukisikia mashine inanguruma na boti haisogei, huenda mpira wa ndani ya kitovu umeachia. Punguza mafuta, urudi polepole, ukaubadilishe. Kile kipande cha zinki kinachokubali kuliwa na chumvi ili mashine isiliwe, usikipake rangi. Kikipakwa rangi hakifanyi kazi.

Na hili nalisema kwa sauti yangu yote: mtu asiingie majini mashine ikiwa hai. Gia kuwa katikati hakutoshi, goti la mtoto likiusukuma mkono wa gia imeshaingia. Rafadha ya mapanga matatu ikizunguka mara 1500 kwa dakika, mapanga hupita mahali pamoja mara 75 kwa sekunde moja. Hakuna wa kumwahi aliye pale. Zima, chomoa ufunguo, utie mfukoni, ndipo useme rukeni.

Maji yakipwa na boti ikikaa mchangani, vua viatu ushuke tezini. Chomoa ufunguo kwanza. Kaza kipande cha ubao kati ya panga na bati la juu yake ili rafadha isizunguke, nyoosha pini, legeza nati, ivute. Toa kila uzi wa mshipi utakaoukuta, pitisha kidole kwenye kingo za mapanga yote, paka shafti grisi ya baharini, rudisha rafadha na washa kama zilivyokuwa, kaza nati, weka pini mpya. Fanya hivyo kabla hujamwita mtoto yeyote kupanda.