Raia Asiyekubali Kuua

Mwaka 1926 Rosika Schwimmer aliomba uraia wa Marekani. Swali la 22 katika fomu lilimtaka aseme kama yuko tayari kushika silaha kuilinda nchi ikibidi. Akajibu kuwa yeye binafsi hatashika silaha. Alikuwa mwanamke wa miaka 49, na jeshi la Marekani halikuwa likiandikisha wanawake wa umri wowote kwenda kupigana. Hata hivyo jibu hilo lilimnyima uraia mpaka anaingia kaburini.

Schwimmer alizaliwa Budapest mwaka 1877. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea haki za wanawake nchini Hungaria, akawa mmoja wa sauti kubwa za harakati za kura ya wanawake duniani. Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914, vilevile vilivyoua makumi ya maelfu ya wapagazi huku Afrika Mashariki, vilimkuta London. Akavuka bahari kwenda kumsihi Rais Woodrow Wilson asuluhishe. Aprili 1915 alikuwa The Hague, ambako wanawake zaidi ya 1,000, wakiwemo wa mataifa yaliyokuwa yakiuana, walikutana chini ya uenyekiti wa Jane Addams, kisha wajumbe wao wakaenda kubisha hodi kwa serikali za Ulaya. Mwaka 1918 serikali mpya ya Hungaria ilimteua kuwa balozi wake Uswisi, jambo ambalo karibu halijawahi kusikika kwa mwanamke. Haikuchukua muda serikali hiyo ikaanguka, naye akalazimika kuikimbia nchi yake.

Huyu ndiye aliyesimama mbele ya mahakama za Marekani. Alieleza kuwa atafanya yote yanayompasa raia isipokuwa kupigana, na kwamba hata wanawake wa Marekani wakilazimishwa, yeye atakataa. Wala hakujificha nyuma ya dini. Alikwisha kujitangaza kuwa hamwamini Mungu, na kwamba jamaa yake ni binadamu wote.

Mei 1929 Mahakama ya Juu ilimkataa, majaji 6 kwa 3. Jaji Pierce Butler aliona kuwa kuilinda nchi kwa silaha ni wajibu wa msingi wa raia, na kwamba mtu wa msimamo huo anaweza kuwavuta wengine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wote wakikataa, nani atalinda mpaka? Lakini mzaliwa wa Marekani mwenye imani ileile hakuulizwa swali lolote, na uraia wake haukuguswa. Schwimmer hakuadhibiwa kwa tendo, aliadhibiwa kwa wazo, tena wazo alilolisema waziwazi wakati angeweza kudanganya kwa neno moja na kupita. Serikali inayomfungia mlango msema kweli inawafundisha waombaji wengine kusema uongo.

Aliyeliona hilo vizuri zaidi alikuwa askari wa zamani. Jaji Oliver Wendell Holmes, wakati huo ana miaka 88, alikuwa amejeruhiwa mara 3 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na hakukubaliana na matumaini ya Schwimmer kwamba vita vitakoma. Lakini alishikilia kuwa uhuru wa mawazo una maana pale tu unapomlinda mwenye wazo tunalolichukia. Akawakumbusha majaji wenzake habari za Waquaker, wale wa Kanisa la Marafiki linalojulikana sana Vihiga na Kakamega nchini Kenya: wamechangia kuijenga Marekani, na hakuna anayejuta kuwa nao eti kwa sababu wanaiamini Hotuba ya Mlimani kuliko wengine.

Mwaka 1946 Mahakama iligeuza msimamo wake kwa ajili ya James Girouard, Msabato kutoka Kanada aliyekuwa tayari kutumikia jeshini bila kushika silaha. Schwimmer alifariki New York mwaka 1948, bado hana uraia wa nchi yoyote. Na mpaka hapo, mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu wa dini. Kwa asiye na dini ilibidi kusubiri hadi 1970, katika kesi ya Elliott Welsh iliyohusu wito wa jeshi, si uraia, Mahakama ilipokubali kuwa msimamo wa kimaadili ulioshika mizizi moyoni unatosha kumwondolea mtu wajibu wa kwenda vitani.