Sitara na Hadhira

Katika kliniki ya Kisauni, Mombasa, inayotoa methadone, dawa mbadala kwa waraibu wa heroini, jambo lenyewe halichukui muda. Mtu hufika dirishani, hutambuliwa, hupewa kikombe, hunywa mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa kidogo ili ijulikane kuwa dawa imeshuka kooni wala haikubanwa shavuni. Kesho atarudi, na keshokutwa, kwa kuwa nguvu ya dawa hiyo humshikilia takriban siku nzima, haizidi sana hapo. Kliniki ilianza huduma ya aina hiyo ilipokuwa bado changa nchini Kenya, na asubuhi zake zinafanana hata mgeni hawezi kutofautisha ya leo na ya mwaka jana. Hakuna kinachofaa kupigwa picha.

Kwenye simu, kupona kuna sura nyingine kabisa. Ni picha mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, ya kabla na ya baada: kushoto macho yamezama, kulia meno meupe na ufuo wa Nyali, na chini yake maneno ya shukrani. Ukisogeza kidole anatokea muuza habasoda, halafu mshauri wa maisha anayetutaka tuamke saa kumi alfajiri, halafu dada mwenye juisi ya kusafisha ini, halafu shehe anayesoma ruqya, visomo vya kuponya, moja kwa moja huku mioyo myekundu ikipanda kando ya uso wake. Siwacheki. Habasoda iko jikoni kwangu. Linalonishughulisha ni dhana iliyojibanza ndani ya zile picha mbili: kwamba kupona ni kitu kinachokamilika, tena kinachoweza kuonyeshwa, na asiye na picha ya pili bado hajapona.

Mtu wa dirishani hana picha ya pili. Wapo wanaokunywa methadone kwa miaka, na huenda wengine wakainywa maisha yao yote, kama mwenye sukari ambaye hakuna anayemuuliza ataacha lini sindano. Lakini pita Mtopanga au Bakarani utasikia: "Huyo hajaacha, amebadilisha tu." Neno hilo linauma, kwa kuwa anayesemwa amerudi kulala nyumbani, ameacha kuuza sufuria za mamake, anasukuma mkokoteni soko la Kongowea, na arosto, yale maumivu ya mifupa na jasho la baridi yanayomkamata teja aliyekosa unga, hajaisikia kwa muda mrefu. Heroini iko pwani hii tangu miaka ya 1980, na kuna nyumba zilizokwisha kuzika kaka na mdogo wake. Kwa mama wa nyumba kama hiyo, mwana kulala kitandani mwake ni jambo kubwa. Kipimo cha picha mbili hakilioni.

Kipimo hicho hakikuzaliwa TikTok. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, ilieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa maradhi tu. Nia ilikuwa njema, dunia ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Lakini ukamilifu hauna huruma: ukiupokea kama kipimo, sijui ni nani atakayehesabiwa mzima kati ya Likoni na Changamwe. Mwaka 1943 Mfaransa Georges Canguilhem, mwanafalsafa aliyesomea pia udaktari, alikuwa amekwisha kuandika tasnifu inayoelekea upande mwingine. Kwake, mzima si yule anayelingana na kipimo. Ni yule anayeweza kujiwekea utaratibu mpya hali inapobadilika, anayemudu kuugua na kuinuka tena. Afya basi ni akiba, na akiba haionekani mpaka siku ya haja. Nikiisoma hoja hiyo nikiwa na Kisauni akilini, safu zinapinduka. Msukuma mkokoteni aliyefiwa jana, na leo akafika dirishani vilevile, huenda ana afya kuliko yule wa ufuoni, ikiwa siku moja mbaya inatosha kumfanya huyo afute akaunti na kujifungia.

Fikra hii si ngeni pwani. Katika ngoma nyingi za pepo, za Waswahili na za Wamijikenda, pepo hafukuzwi. Huulizwa jina, huulizwa anataka nini, hupewa chake, na mapatano hufanywa. Mgonjwa hubaki naye na kumhudumia mara kwa mara katika maisha yake. Masheikh wengi wamezipinga ngoma hizo, na sina nia ya kuzitetea kama tiba. Mwenye kifafa apelekwe hospitali. Ila tazama kilichomo: kupona ni kupatana na kitu kitakachobaki. Tena wengi wa waliokaa kwenye duara waliwahi wenyewe kuwa wagonjwa, na anayepigiwa ngoma leo atatarajiwa kwenye ya mwenziwe kesho. Ni tiba ya hadharani, yenye kelele na vyetezo, lakini waliomo ndani ya duara hawakuja kutazama tu.

Nikisema kupona kunahitaji watu, basi, sina maana ya watu wowote. Kuna shahidi na kuna mtazamaji, na zama zetu zimewachanganya. Ndoa yetu haifungwi bila mashahidi, na si kwa sababu arusi hupendeza ikitazamwa; ni kwa sababu siku wawili hao wakikanushana lazima awepo mtu wa kuitwa na kuulizwa. Shahidi amejifunga. Asipofika, amekosa. Mtazamaji hadaiwi. Anaweza kukupenda kwa dhati saa tatu usiku, na saa tatu na dakika moja akawa kwenye mpira, wala hajakukosea, maana hakukuahidi kitu. Elfu arubaini wa namna hiyo hawatoi shahidi mmoja. Mhudumu wa dirishani pengine hampendi anayemmiminia dawa, pengine amechoka naye. Lakini mtu huyo asipoonekana siku kadhaa, kuna daftari linaloonyesha pengo, na kuna wa kuuliza yuko wapi.

Simu hutupa hisia ya kushuhudiwa pasipo shahidi, na hisia hiyo ni tamu, nisidanganye. Bei yake ni umbo la hadithi. Hadithi ya kupona inayopendwa mtandaoni ina mwelekeo mmoja tu, wa kupanda. Anayerudia maradhi anabakiwa na njia mbili: anyamaze, au aufanye mwanguko wenyewe kuwa kipande kipya cha mfululizo. Mchukue dada wa Likoni aliyerudi kutoka Saudia alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Alipokuwa huko aliweka picha za maduka yenye marumaru na sahani za mandi, kwa sababu waliobaki walikuwa wakingoja kuona kwamba amejipata. Sasa amerudi, usiku halali, mlango ukibishwa anashtuka. Kwake yeye picha ya kabla ndiyo nzuri, nayo iko kwenye simu za watu wote. Aanzie wapi kusema? Mfano nimeutunga, lakini mwenye shangazi Likoni ataupachika jina bila kusaidiwa.

Najua jibu litakaloletwa, na lina nguvu: kimya kimeua watu kabla simu hazijazaliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kimya hicho kilikuwa na mlinzi wa kisheria. Hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, aliyejaribu kujiua nchini Kenya alikuwa mhalifu aliyeweza kufungwa hadi miaka 2. Familia iliyomwokoa mwanawe usiku ilikuwa na sababu mbili za kukomea mlango, majirani na polisi. Kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilikuwa kimependekeza tangu 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Changamwe kuna hospitali ya Port Reitz yenye huduma za wagonjwa wa akili, na bado kuna watu ambao wangependelea kusema mgonjwa wao amesafiri kuliko kusema yuko huko. Kijana wa Miritini aliyelisikia neno sonona kwa mara ya kwanza katika video ya nusu dakika, akatambua kuwa yeye si mvivu wala hajalogwa, amepata kitu ambacho nyumbani kwao pengine hakikuwapo. Sitaki kumpokonya.

Lakini tunakosea tukidhani dawa ya kufichwa ni kuanikwa. Kati ya hayo mawili ipo sitara, na adabu ya pwani imeitafakari muda mrefu. Mwosha maiti huona kila kitu: kovu la zamani, ujauzito usiotajwa, alama za sindano kwenye mikono. Huosha, huvisha sanda, hutoka nje, na hasemi. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, wasema watu. Kinachonivutia ni kwamba huyu hakufumba macho. Hakuna aliyeitazama aibu hiyo kwa karibu kuliko yeye. Anayemfungia mgonjwa chumbani hufanya kinyume chake, hukataa hata kutazama, kisha huuita ukataaji huo heshima. Kwa nje vimya viwili hivi vinafanana. Njia yangu ya kuvitenganisha ni kuuliza ni nani anayepumua. Kimya kikimpumzisha mgonjwa, amesitiriwa. Kikilipumzisha jina la ukoo huku yeye akiozea ndani, amefichwa.

Zamani, si zamani sana, mwanamke akipandwa na maradhi barabarani akavua nguo, wanawake wenziwe walimkimbilia na leso. Bado wanamkimbilia. Tofauti ni kwamba siku hizi mwenye simu hufika kabla ya mwenye leso.

Kuna jambo jingine katika mahubiri ya ustawi ya mtandaoni linalonikera zaidi, nalo ni jinsi kila huzuni inavyogeuzwa kuwa kasoro ya mwenye nayo. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika kitabu juu ya ustawi wa miili na nafsi, Masalih al-Abdan wal-Anfus, na humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu anayoweza kuitaja. Zaidi ya miaka elfu baadaye, mshauri wa maisha hazitenganishi; zote dawa yake ni kubadilisha fikra. Ilhali watu wa Likoni wana huzuni zenye tarehe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa usiku, damu ikamwagika siku kadhaa, na maelfu wakahama. Ng'ambo ya pili, Changamwe, kiwanda cha kusafisha mafuta kiliacha kusafisha mwaka 2013, kisha makontena yakapelekwa kwenye reli ya SGR, na waliokuwa wakiishi kwa malori, madereva, mafundi wa tairi, wauza chakula wa Magongo, wakaambiwa wajiongeze. Kumwambia mtu wa Likoni aamke saa kumi alfajiri ni dhihaka. Saa kumi yuko macho miaka yote. Ana feri ya kuwahi.

Hata usafi wa hiyo simu una wagonjwa wake, nao wako nchini humu humu. Desemba 2024 ilibainika kutokana na hati za kesi iliyoko Nairobi kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook walikutwa na daktari wakiwa na kiwewe kikubwa, baada ya kutazama kwa ajira yale ambayo sisi tumeepushwa tusiyaone. Walikuwa watazamaji kwa mkataba. Wao waliona kila kitu, na hawakuwa na uwezo wa kumfikia hata mmoja wa waliowaona.

Nisiusifu mtaa kupita kiasi. Mtaa unaoshuhudia ndio unaosengenya, na jirani mwenye daftari la mahudhurio yako anaweza kuwa mkatili kuliko mgeni wa mtandaoni. Wapo waliokimbilia simu kwa sababu mgeni hakujua baba yao ni nani, wala hakumbuki waliiba nini mwaka gani. Kusahauliwa nako ni rehema, na mtaa hausahau. Kwa hiyo sina jibu moja kwa yule anayeuliza amwambie nani. Najua tu kwamba ni afadhali kuchagua mmoja anayeweza kudaiwa, hata kama ni muuguzi asiyetabasamu, kabla ya kuwaambia wote.

Na hapa tatizo linarudi kwenye fedha, ambako wanafalsafa hawapendi kukaa. Shahidi ana gharama: analipwa mshahara, anachoka, anahitaji kiti na dirisha. Mtazamaji ni bure, ndiyo maana tunao wengi. Anayeishi Likoni akaandikishwa Kisauni atavuka kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo. Feri haimtozi anayepanda kwa miguu. Matatu inamtoza, kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Akikosa dawa siku hiyo, mtaani watasema amerudia unga kwa sababu hana nia, na huenda mtu akamtumia video ya kumtia moyo.