HUTUBA YA IJUMAA: DEREVA ALIYELEWA ASISEME «SIKU YAKE ILIFIKA»

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyempa binadamu akili na akamtofautisha na wanyama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nawausia ninyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, msikitini na barabarani vilevile.

Katika mji huu wa Goma, mtu akigongwa na pikipiki au taksi-basi akafariki, neno la kwanza utakalosikia matangani ni kwamba siku yake ilifika. Ni kweli, ajali na ajali zote ziko katika elimu ya Mungu. Lakini neno hilo hulisema nani? Akilisema mama wa marehemu, ni subira, na ana thawabu yake. Akilisema dereva aliyetoka kwenye kasiksi au kanyanga, huyo anajificha nyuma ya Mungu.

Kijana mmoja motari alinijia baada ya swala ya alasiri. Alikuwa amempakia binti usiku kwenye barabara ya Sake, naye alikuwa amekunywa. «Kidogo tu, shehe.» Pikipiki ilipanda kwenye mawe ya volkano, binti akaanguka na kichwa. Wazee wa pande mbili walikaa, wakakubaliana alipe sanda na gharama za mazishi, wakasema ni qadari. Kijana akaniuliza: «Je, yamekwisha?»

Nikamwambia hayajaisha. Fungua Sura An-Nisaa, aya ya 92. Hapo Mwenyezi Mungu anazungumzia anayemuua muumini kwa makosa, bila kukusudia. Bila kukusudia! Na bado yanamlazimu mambo mawili: diya kwa warithi, isipokuwa wenyewe wakisamehe, na kumwacha huru mtumwa. Asiyepata mtumwa, na leo hakuna watumwa, afunge miezi miwili mfululizo. Basi ikiwa aliyekosea huku ana akili zake timamu anadaiwa haya, atadaiwa nini aliyeiondoa akili yake kwa mkono wake, kisha akashika usukani?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Hesabu tena, ndugu yangu. Mlevi hamo.

Wala tusidanganyane kwamba tunasema pombe tu. Sayyidna Umar (r.a.) alifundisha kuwa khamri ni kila kinachofunika akili. Bangi imo. Vidonge ambavyo vijana wanameza ili wasisikie uchovu wafanye kazi mpaka usiku wa manane, vimo. Pombe inachelewesha mkono kufika kwenye breki, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamwambia mnywaji kuwa leo anaendesha vizuri kuliko jana.

Na telefoni? Telefoni si haramu, hata mimi ninayo. Lakini pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Ukitazama jina la anayekupigia kwa sekunde 2 tu, umekwenda mita 22 ukiwa kipofu. Ndani ya mita 22 pale Birere mna mama wangapi wenye mabeseni, watoto wangapi, chukudu ngapi zenye magunia ya makala? Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia telefoni akiendesha yuko katika hatari ya ajali karibu mara 4 zaidi. Linasema pia kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndizo zinawaua kuliko jambo lingine lolote duniani. Sisi wa Goma tunahesabu vita na volkano, hili hatulihesabu.

Wengine watasema haya ni mambo ya polisi, si ya mimbari. Mwaka 1993 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walikutana Brunei wakalijadili jambo hili la ajali. Walisema kufuata sheria za barabara zisizopingana na dini ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva anabeba madhara anayowafanyia wengine, isipokuwa limfike jambo asiloweza kulizuia, au kosa liwe la mwingine. Chupa uliyoinunua mwenyewe unaweza kuizuia.

Nimewasikia madereva wakisema kwamba wakivuka kwenda Gisenyi hawagusi kinywaji, kwa sababu polisi wa kule wana kipimo cha kupuliza. Wakirudi upande huu wa mpaka, kinywaji kinarudi. Sasa walikuwa wanamcha nani?

Na sisi abiria tujisemeshe. Unamwona motari macho mekundu, harufu inakufikia, unapanda kwa kuwa amepunguza bei. Unampigia dereva simu ukijua yuko njiani, asipoitika unakasirika. Mimi mwenyewe nimewahi kumhimiza motari aongeze mbio niwahi Ijumaa hii hii, astaghfirullah. Bedui mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mungu. Akaamriwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ukishuka kwa motari aliyelewa ukatembea kwa miguu, ndio kumfunga ngamia.

Yule kijana alikwenda kwa familia ya binti akasema mbele yao alichokunywa usiku ule, jambo ambalo wazee hawakulijua. Baba yake binti alinyamaza muda mrefu, kisha akasamehe diya. Mama bado hajasema neno. Kijana anafunga, amebakiza siku kumi na tisa. Mwombeeni, na mumwombee binti na mama yake.

Wabillahi tawfiq.