Upepo Haushindwi kwa Nguvu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Rubani wa ndege ndogo anayevuka Bonde la Ufa jua likiwa kali, hewa ya moto ikipanda kutoka chini na upepo ukiporomoka kwenye milima ya Ngong, na aanze na neno hilo la wazee. Chombo alichokalia kiliundwa na watu waliopiga hesabu za dhoruba: Cessna 172, kwa mfano, imethibitishwa kuhimili mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake. Kilichobaki ni yeye asikiharibu kwa mikono yake.

Apunguze mwendo mapema. Tena, wengi hushangaa kusikia kwamba ndege nyepesi hutakiwa kwenda polepole kuliko iliyojaa. Cessna 172S yenye kilo 1,157 isizidi kilomita 194 kwa saa hewa inapochafuka. Ikiwa na kilo 862, isizidi 167. Upepo uleule hukirusha chombo chepesi kwa nguvu zaidi. Kwenye mwendo huo, bawa likipigwa ghafla huacha kuinua kabla halijafikia kuvunjika. Kulegea ndiko kunakoliokoa.

Kimo nacho akiache kipande na kushuka, awaarifu waongozaji. Anayeng'ang'ania kurudi palepale kila anaposukumwa huongeza mzigo juu ya mzigo. Ashike mkao tu: mabawa sawa, pua mahali pake, mkono mwepesi.

Tarehe 12 Novemba 2001, huko New York, Airbus A300 iliingia katika msukosuko ulioachwa na ndege iliyotangulia. Wachunguzi walibaini kwamba rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani wa mkia kushoto na kulia kupita kiasi, hata bawa la wima la mkiani likang'oka. Watu 265 walikufa. Msukosuko wenyewe haukuwa wa kuiangusha ndege ile. Wachunguzi walitaja pia mafunzo na muundo wa usukani, nami sikubali marehemu atwikwe lawama peke yake. Alifanya alichoamini kinaokoa. Ndiyo maana utulivu lazima ufundishwe ardhini, kabla ya hofu.

Vijana mnaojifunza urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, mkiona mawingu ya mvua yanajikusanya juu ya Ngong, geukeni mngali na nafasi. Abiria akinung'unikia kuchelewa, mwacheni anung'unike.