Maabara Haitakufuata Kitandani

Amka!

Unasema huna vifaa. Unasema huna maabara. Huna mtaji, huna wa kukushika mkono, huna hiki, huna kile. Mwaka wa ngapi huu unaimba wimbo huohuo?

Basi sikiliza.

Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walitaka printa ya kuchapa bakteria. Bakteria wenyewe, wazima, wanaokula na kufanya kazi! Unadhani walikaa kusubiri mfadhili? Walichukua K'NEX, vijiti vya plastiki ambavyo watoto huviunganisha kuunda magari na minara, wakajitengenezea printa.

Midoli!

Wino wao ulikuwa bakteria waliochanganywa na alijineti, ute unaotokana na mwani. Ukiwa kwenye mrija unatiririka kama uji mwepesi. Ukikutana na kalsiamu, unaganda papo hapo, na bakteria wanabaki palepale walipopangwa.

Wao walianza na midoli. Wewe unasubiri nini?

Utasema, "Hao ni Wazungu, wana kila kitu." Kweli? Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walitengeneza wino wao wa bakteria. Ndani yake walitia bakteria anayekula fenoli, sumu ya viwandani. Kwenye wino mwingine wakatia bakteria anayesuka selulosi, utando unaoweza kufunika ngozi iliyojeruhiwa. Na unajua nini kilisaidia kuushikilia wino huo? Karajenani, ute wa mwani mwekundu.

Mwani!

Mwani wa kotonii, wenye ute wa namna hiyo, unalimwa Zanzibar. Akina mama wanainama majini, wanafunga miche kwenye kamba kati ya vigingi, wanavuna, wanaanika, wanajaza magunia. Magunia yanapanda meli. Na wewe unapita ufukweni ukilalamika kwamba huna malighafi!

Huoni? Au hutaki kuona?

Sasa njoo Uingereza. Mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Surrey kilitangaza rangi yenye bakteria hai, rangi inayotoa oksijeni. Kazi ilikuwa ngumu. Rangi ya kawaida ikikauka inajifunga, na kiumbe aliye ndani anakosa hewa. Ukiiacha na matundu mengi, inabomoka. Watafiti hao wakachanganya lateksi na vijimirija vidogo mno vya madini ya udongo, tabaka likawa gumu huku maji na hewa vikipita.

Na bakteria waliyemchagua? Chroococcidiopsis, wa ukoo unaoishi jangwani. Anavumilia ukame. Akipata maji na mwanga, anaanza kazi. Ndani ya rangi ile kila gramu ya bakteria ilitoa hadi gramu 0.4 za oksijeni kwa siku, na kazi ikaendelea kwa mwezi mzima.

Kafungiwa ndani ya rangi. Hana pa kutanuka.

Anafanya kazi!

Huyo hana ubongo. Hana mikono. Hana simu wala cheti. Wewe una vyote hivyo, halafu unaniambia mazingira hayaruhusu?

Acha!

Akili yako ni kubwa kuliko unavyoitumia. Imelala tu. Iamshe kwa kazi, maana maneno umeshayasikia ya kutosha. Chukua mwani, uchemshe, utazame ute wake unavyoganda. Chukua tone la mtindi, uliweke chini ya darubini ya shule, uwaone bakteria kwa macho yako. Andika ulichokiona. Kesho rudia. Ukikosea, badilisha kipimo, rudia tena. Mwulize mwalimu wa biolojia mpaka akuchoke, kisha muulize mwenzake.

Nani atakucheka? Mwache acheke.

Muda haukusubiri. Kila jioni unayoimaliza kwa kulalamika, kuna kijana mwingine mahali fulani anafunga skrubu ya printa yake. Hakukuzidi akili. Alikuzidi kuanza.

Darubini iko kabatini, imejaa vumbi. Nenda kaombe ufunguo.

Siyo Januari. Siyo ukipata mtaji.

Leo!