Kata ya Chachu

Hapa Newala maji ya mabibo hayatiwi chachu. Yakikaa huchacha yenyewe, yakawa uraka. Pombe ya mtama ikiachwa hivyo ni kubahatisha. Kwa hiyo apikaye mara ya kwanza huenda kwa jirani na kata, kuomba chachu ya majimaji katika chungu kilichokwisha kuumuka. Je, amekopa? Jirani hakupungukiwa, maana chachu ni kiumbe hai, huzaana. Lakini kesho wateja watagawanyika, na hapo ndipo naiona thamani ya kata ile.

Wenye viwanda nao walipimwa hivyo. Mwaka 1883, katika Carlsberg ya Copenhagen, Emil Christian Hansen alitenga chachu safi, na kiwanda kikawagawia washindani bure. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, naye alikuwa amepewa chachu huko Munich mwaka 1845.